Kaboni za Elfu Tatu

Ngamiani barazani,
nimekaa na jirani,
drili mbili mapajani,
moja imeshachubuka.

Ya Mhando ni ya juzi,
bei yake ni machozi;
kaboni haina, kazi
hufanya bila kuwaka.

Betri moja, kutwa nzima
hutoboa bila homa,
husikii ikihema,
wala mkono kuchoka.

Yangu ni ya marehemu,
hunguruma kwa ugumu,
cheche zapeana zamu
tunduni, zikimulika.

Kaboni zikishakwisha,
mwenyewe nabadilisha;
elfu tatu zanitosha
kwa Jivani nikifika.

Saketi yake ikifa,
hapa Tanga ni maafa:
fundi, awe mwenye sifa,
hurudisha akicheka.

Lakini, haki niseme:
kwa zege, na nisukume,
yangu hunuka umeme,
yake hupita haraka.

Yeye aunda kabati,
mchana kutwa haketi;
mimi naishika, eti,
mara nne kila mwaka.

Pazia, fremu, kioo,
ndizo kazi zangu. Leo
nataka rafu ya choo,
sabuni nipate weka.

Nimeiwasha: yahema.
Harufu ile ya chuma,
shati lake hilo, jama!
Ndugu, yako sijataka.