Ruhusa ya Kuzurura

Simu mpya ya Yoleta, ya laki tatu na nusu,
kioo kipana kama sinia,
ilifika Mvumi ikawa bubu.
Kitochi cha jirani, kilichofungwa raba,
kinaongea mchana kutwa.

Akapanda kichuguu. Akazima, akawasha.
Akatoa laini, akaipuliza, akairudisha.

Siku ya tatu Nyemo, wa kidato cha pili,
akafungua mipangilio, akashuka, akashuka,
akakuta kitufe kimelala.
Kuzurura: imezimwa.

"Mama, inataka ruhusa ikaombe maji kwa jirani."

Yoleta, aliyemchapa huyuhuyu kwa kuzurura mnadani:
"Haya, izurure.
Wewe, saa moja uwe nyumbani."

Vijiti viwili vikasimama.
Ukaingia ujumbe wa juzi, wa mnunuzi wa zabibu:
Nimepita. Hupatikani.