Meza Namba Tatu

Kitambaa hupigwa pasi alfajiri,
toka mstari wa kuanzia hadi kwa mweusi,
kwa kufuata manyoya, bila kurudi nyuma,
kama unavyompapasa paka usiyemjua.

Ukumbi wetu uko Ruwi, ghorofa ya pili,
chini duka la mabegi, juu daktari wa meno.
Nje jua halijapanda, joto lishavuka thelathini na tano;
ndani tunatia baridi mpaka marefa wanavaa fulana mbili.

Wiki nzima kiyoyozi kilidondosha maji
kwenye kona ya meza ya tatu.
Mguu mmoja ukazama zuliani,
upana wa kadi ya benki, si zaidi.
Niliona. Nikasema, nitautengeneza.
Mama akapiga simu toka Al Khoud, gesi imemwishia,
nikatoka na funguo za gari mkononi.

Qiu Wenbo alikuja na sanduku refu jembamba
na shati lililokunjwa na mtu asiye na mke.
Miaka thelathini na nne.
Alitoka Yingkou akiwa na tisa;
baba yake aliuza lori la makaa
ili kumnunulia mwana saa za meza.
Kisha Sheffield, chumba kimoja, vijana wanne,
sufuria moja ya wali,
na usingizini mmoja wao akihesabu:
nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi.

Hayo yalikuwa kwenye karatasi ya waandaaji.
Hili niliona mwenyewe: kidevuni ana mfereji,
mahali kijiti kilipopita miaka ishirini na tano.

Watu hudhani snuka ni kupiga.
Snuka ni kukaa.
Mikono mapajani, glasi ya maji pembeni,
mwenzio anafagia meza, anafagia,
nawe kukohoa tu ni utovu wa adabu.
Nusu ya ujana wake iko kwenye viti vile.

Alikuwa wa sitini na sita duniani.
Wa sitini na nne anabaki.
Wa sitini na tano anapanda ndege.
Ushindi mmoja Maskati ungemtosha.

Fremu ya mwisho: kahawia, buluu, waridi, mweusi.
Akaugusa kahawia polepole,
ukaenda kama mtu aliyechelewa swala
akitafuta nafasi safuni.
Karibu na mfuko ukapinda.
Kidogo.
Ukasimama mdomoni, ukatazama ndani, haukuingia.

Yule kijana wa Kibelgiji akainuka.
Wenbo akakaa.

Usiku nilikuwa nafunika meza, akarudi.
Akalaza kiganja juu ya kijani,
vile mzazi anavyopima homa.
Akasema kwa Kiingereza cha maneno machache:
inakwenda kushoto.
Nikasema, najua. Tangu Jumanne.
Nikangoja anitukane kwa lugha yoyote.

Mimi tangu fremu ya kwanza, akasema.
Na yeye pia.
Yeye alikumbuka.

Nikamletea chai ya maziwa toka kwa Mmalabari wa chini,
tamu ya kukwaruza koo.
Nikamvutia kiti.
Akakitazama, akacheka mara ya kwanza siku ile,
akanywa amesimama,
akiniuliza kama mama yangu amepata gesi.
Sijui nilimwambia saa ngapi.

Asubuhi nilichukua karatasi ya ratiba,
nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu.
Fundi wa kweli angekaza skurubu.
Skurubu imeshika kutu, kipuri kinatoka Dubai,
na Dubai wanasema kesho tangu Shaabani.

Mpira sasa unakwenda sawa.
Wavulana wa shule huja jioni, riali moja kwa saa,
wanapiga kwa nguvu, wanamwaga soda,
na jina lake liko pale chini, limekunjwa,
limebeba tani moja na nusu ya jiwe.