Ukurasa wa Tisa

Mdomo wangu umezoea kubana pini.
Miaka kumi na tisa pale Kadutu, nyuma ya cherehani,
nimewajibu wateja kwa nyusi na kidevu:
njoo Jumamosi, ongeza elfu mbili, kitenge hakitoshi.
Mwalimu Ntakwinja alikuja kupandishiwa pindo la sketi,
akaniuliza, Mama Faida, unajua kusoma?
Nikatema pini zote kiganjani
ndipo nikasema, nilisoma kidogo.
Akasema, kidogo hicho ndicho ninachokitaka.

Basi kila Alhamisi saa nane
nafunika cherehani kwa nailoni
napanda ngazi za udongo
ambazo mvua huzihesabu upya kila usiku.
Bukavu haina njia tambarare ya kwenda popote.
Nafika nikihema, na watoto hamsini na watatu
wananihesabia pumzi, moja, mbili, tatu,
kisha kwa pamoja: Soma!

Kitabu ni kimoja.
Mgongo wake nimeushona mwenyewe kwa uzi wa jinzi.
Ukurasa wa tisa haupo;
aliyeuchana, Mungu amsamehe, alikuwa na haja yake.
Kwa hiyo ukurasa wa nane fisi anaingia mtoni,
na ukurasa wa kumi yuko harusini, mkavu, amevaa kofia.
Hapo katikati ni kazi yao.
Cirhuza anasema alivushwa na mtumbwi wa Idjwi,
akalipa kwa mihogo.
Nsimire anasema hapana, maji yalimwogopa.
Wiki iliyopita fisi alipitia kwa mjomba wake Uvira
kuazima suruali.

Kitabu kinasema: Watoto wako wapi?
Darasa zima linanisahihisha: Batoto biko wapi!
Najaribu kueleza: hiki kimevaa nguo za kanisani,
chenu kimetoka kucheza mpira matopeni,
lakini ni mtu yule yule.
Wananitazama kama mteja
aliyeshonewa mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.
Siku hizi nasoma kila sentensi mara mbili,
ya kitabu, halafu ya mtaa wetu,
na fisi huchekesha zaidi mara ya pili.

Juzi, mvua.
Bati lilianza kwa kidole kimoja,
kisha kama mtu kamwaga magunia ya maharage.
Nikapaza sauti, haikufika hata dawati la pili.
Mwalimu akaniashiria niache.
Nikaacha, kidole kikiwa bado kwenye mstari.

Hapo nikamwona Mushagalusha,
yule wa karibu na mlango,
anayechelewa kuja na kuwahi kuondoka,
ambaye tangu Septemba sijamsikia hata akikohoa.
Ameshika hewa mikononi, ameifungua kama kitabu.
Analamba kidole, anafunua.
(Kumbe mimi hulamba kidole! Sikujua.)
Midomo yake inakwenda, haina haraka,
anasimama penye nukta, anainua macho,
anatutazama kuhakikisha tupo, anaendelea.
Wa jirani yake wamegeuka wanamsikiliza,
au wanasikiliza mvua, sijui,
lakini walicheka wote kwa wakati mmoja.

Mvua ilipokatika nikamuuliza, umesoma nini?
Akaficha mikono chini ya dawati.
Wa jirani nao wakanyamaza kama watu waliokula kiapo.
Nsimire, ambaye hajui kunyamaza, akanong'ona:
Mama, alikuwa ukurasa wa tisa.

Usiku ule sikuwasha redio.
Nilikata karatasi tupu kwa kipimo cha zile nyingine
nikaishona kati ya nane na kumi,
mishono midogo, ya nguo ya mtoto mchanga.
Juu pembeni nikaandika namba.
Chini sikuandika kitu.
Kalamu ya risasi nimeifunga kwa uzi, isipotee.
Alhamisi kitabu kitaanzia mlangoni.

Mwenye kitenge kaja asubuhi, kafoka,
blauzi yake bado haina mikono.
Pini zilikuwa mezani.
Nikamjibu kwa mdomo mzima:
Jumamosi, dada. Keti kwanza, nikusimulie fisi.