Visima Tisini na Sita

Maji ya bomba la hapa yana chumvi,
hayaingii maabara.
Nanunua yaliyochujwa, dumu la lita ishirini,
namwambia Sembuli alibebe kama mtoto mgonjwa;
anacheka, analiburuza.

Saa mbili asubuhi. Upepo wa Julai
umeshaleta vumbi jekundu hadi kizingitini,
mwanya wa mlango tumeuziba kwa kanga yangu kuukuu.
Mezani sahani ya plastiki, pana kama kiganja,
visima tisini na sita,
na chini ya kila kimoja kingamwili zimenata,
kimya, mtego uliokwisha kutegwa.

Baba yangu Chidawali alichimba visima kumi na kimoja
maisha yake yote, kati ya Hombolo na Mvumi.
Vinne vilitoa maji. Kimoja ndicho yakanyweka.
Angesikia binti yake ana tisini na sita kabla ya chai
angeuliza: wamefukiwa wangapi?

Natia maji ya damu, yale ya juu, rangi ya asali changa.
Mikrolita mia. Mia. Mia.
Kila sampuli visima viwili, maana kimoja huweza kudanganya,
na viwili vikidanganya sawasawa, basi uongo si wangu.
Naitafuta protini ya uvimbe,
ile ambayo ini huimwaga mwili ukipiga yowe.
Haisemi panawaka wapi. Haisemi nani kawasha.
Inasema tu: kuna moto,
kiasi hiki.

Naatamia saa nzima, kuku asiye na haraka.
Naosha mara tano, nagonga sahani kifudifudi kwenye karatasi,
ko, ko, ko,
kisichoshikwa kiende na maji.
Umeme unakatika. Unarudi. Hatusemi kitu, tusije tukauudhi.
Kisha dawa ya rangi,
na sahani kabatini, gizani, dakika kumi na tano.

Baba alikuwa na kamba ya mkonge,
fundo kila pima moja.
Kamba haikukijua kisima; ilijijua yenyewe,
ndiyo maana tuliiamini.
Nami nina safu yangu ya kwanza, viwango vinavyojulikana,
kuanzia kitupu hadi kilichokolea,
buluu inapanda fundo kwa fundo.
Nisiyemjua namteremsha kando ya ninachokijua,
natazama amelowa hadi wapi.

Kumi na saba haikungoja.
Nachungulia dakika ya tatu: buluu ya wino,
visima vyote viwili, kama mapacha walioiba pamoja.
Muda ukifika natia tindikali, sahani nzima yageuka njano,
njano ya alizeti za Kongwa,
na kumi na saba njano ambayo sina jina lake.
Mashine inasoma. Inaandika: imezidi.

Imezidi si namba.
Ni kamba iliyoisha mkononi.

Sijui ni nani. Daftari lina herufi ya kituo, M, Mvumi.
Mwanamke. Miaka sitini na mitatu.
Labda viwiko vimefura na bado hauachi mchi,
labda kifua, labda kidonda alichokifunga kitambaa akanyamaza.
Sina ruhusa ya kukisia. Nakisia.

Kamba ilipoisha Baba hakurudi nyumbani.
Aliunga nyingine, akahesabu upya kwa sauti.
Nami nachukua tone la mama huyu, nalizimua,
sehemu moja yake, tisa za maji ya dawa,
liwe jepesi hadi mashine ilione.
Kesho, sahani mpya. Kitakachotoka nitazidisha kwa kumi.
Sembuli anauliza mara ya pili:
unapunguza ili ujue ni kubwa kiasi gani?
Ndiyo. Sijui kukueleza vizuri zaidi.

Saa tisa nampigia Yoeli, tabibu wa Mvumi.
Kumi na saba usingoje karatasi, mwite leo.
"Namba ni ngapi?"
Namba kesho.
"Sasa nimwambie nini?"
Nasikia kuku wa nyumbani kwake kwenye simu, na mtu anapeta.
Usimwambie kitu, mchunguze.
Wewe jua tu kwamba kisima hiki
kina kina.