Tanbihi ya Saba

Saa nane usiku, Aberystwyth. Upepo
unagonga dirisha kama mdai.
Mita ya umeme imebakiwa na pauni moja na peni arobaini,
nami nina sura tano, faili tano za maandishi matupu:
hayana mlazo, hayana wino mzito, hata kurasa hayana.
Nilitaka hivyo. Neno lijisimamie.
Na kila nilipodaiwa ushahidi
nilifungua mabano ya mraba, nikaweka kofia ndogo, namba,
nikafunga.
Ukweli wenyewe unakaa chini, kama mashapo ya kahawa.

Nikaziunga zote tano. Nikaamuru: PDF.
Ikatoka imevaa, imenyoa ndevu,
namba za buluu zimepanda begani mwa maneno
kama vifungo vya koti la kuazima.

Nikaenda sura ya tatu, penye wekundu wa ukili.
Nikabofya saba.
Nilimtarajia Bi. Shumbana Faki wa Kojani,
aliyechemsha magome ya mkoko mbele yangu siku mbili
akaniambia, "Weka kalamu. Rangi haijakolea, unaandika nini?"
Nikatua mwisho wa sura ya kwanza. Saba ya huko.
Karani wa forodha, enzi za Mwingereza,
anahesabu majamvi kwa korija
na kulalamikia joto.

Nikarudi. Nikabofya tena, kana kwamba nimekosea mimi.
Karani.
Saba ya sura ya nne: karani.
Ya tano: yeye yule, miguu juu ya meza.
Ina maana atakayeuliza wekundu huu umetoka wapi
atajibiwa na mtu ambaye hakuwahi kulowesha kidole.

Asubuhi nikapanda kilima cha Penglais kwenda maktaba.
Barabarani wameandika kwa rangi nyeupe,
herufi ndefu kama watu waliolala: ARAF.
Kwa Kiwelisi ni polepole.
Mimi niliyesoma chuoni kwa Maalim Kombo
kila nikiikanyaga naona ule ukuta wa Akhera
na watu juu yake, si wa Peponi, si wa Motoni,
wanangoja kuitwa.

Eluned alitazama kioo cha kompyuta, akavua miwani.
"Una Saba watano," akasema. "Mashine haijui sura.
Imemshika aliyetangulia kufika, wengine imewatupa."
Aliyetangulia kufika!
Nikacheka peke yangu. Hakuuliza.
"Usiwape namba. Wape majina.
Namba zitajipanga mwishoni, hiyo kazi ya mashine."

Tanbihi mia mbili na kumi na mbili.
Siku tatu nimeinama.
*shumbana-mkoko.* *hamadi-msuko.*
*karani-forodha*, naye nikampa lake, sikumnyima.
*mama-alisema*, ambayo mwaka mzima
nilikuwa nikiiita kumi na moja.
Nikatia na kishale cha kurudi, maana kushuka si hoja;
hoja ni kupanda, uikute sentensi pale ulipoiacha.

Nikabofya saba. Akatokea.
Jina, kijiji, mwezi, na lile neno lake kuhusu kalamu.
Nikazima hita, nikalala na koti.

Profesa Pugh hasomi kwenye kioo. Alichapisha zote,
kurasa mia tatu na ushei, na juu ya karatasi
kiungo ni wino tu; bofya mpaka kucha ing'oke.
Nilimkuta kidole gumba amekibana ukurasa wa tisini,
mkono wa pili unapekua, unavuka, unarudi,
umepata.
"Hapa," akasema. "Huyu Shum... Shumb..."
"Araf," nikamwambia.
Akacheka, akaanza upya, silabi kwa silabi,
na gumba lake bado liko palepale
kwenye wekundu.