Bei ya Kurudi

Constanța, mwezi wa pili, saa mbili usiku.
Upepo wa kaskazini unagonga dirisha la ofisi
kama mdai aliyechoka kuambiwa njoo kesho.
Mimi Ilinca, karani wa viwango, gati namba tisa.
Nina chai iliyopoa, nina kikokotoo,
na zabuni ya jeshi inayofungwa kesho adhuhuri.

Ngano naijua. Ngano haina maneno mengi:
tani ni tani, bomba linatapika, meli inadidimia kidogo, basi.
Kifaru ni shughuli nyingine.
Kifaru hupimwa mara mbili, uzito na nafasi,
na mteja hutozwa kwa kipimo kilichozidi.
Mzinga ukitokeza mbele, urefu unaanzia kwenye ncha yake;
hata hewa iliyo chini ya mzinga
ina bei.

Naandika.
Kushusha, kwa tani ya ujazo: lei thelathini na moja.
Kufunga minyororo, kila gari: lei mia na arobaini.
Risasi, makombora na jamaa zao: mara mbili na nusu,
gati la mbali, zimamoto wamesimama, sigara marufuku.
Usiku, ongeza nusu.
Jumapili, ongeza bei nzima.
Pasaka, tuulizane.

Bwana Cernat anapiga simu, yuko mezani, nasikia vijiko.
"Punguza, Ilinca. Majirani wa kusini wameshapunguza."
"Nipunguze wapi?"
"Wewe ndiye unayejua pa kukata."

Najua.
Kila genge lina makuli kumi na wawili na mhesabu mmoja.
Mhesabu wetu ni Nicanor, goti lake la kushoto bovu,
anahesabu minyororo kwa kuigusa, mmoja mmoja,
midomo ikicheza kama anasali.
Nafuta mstari wake.
Bei inashuka bani nne kwa tani.
Husemwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru.
Lakini kunguru hana daftari,
na hakuna anayemwomba kunguru punguzo.

Ukurasa wa saba, jedwali la makadirio:
*Magari ya kwenda: elfu moja mia mbili na arobaini.
Magari ya kurudi: mia tisa na kumi na mawili.*

Nadhani wamekosea kuchapa.
Napiga namba iliyo chini ya fomu, anapokea kapteni wa ugavi,
sauti changa, anatafuna mbegu za alizeti.
Namsomea tarakimu zote mbili.
"Si kosa, bibi. Ndivyo tulivyokadiria."
"Na hayo mengine?"
Anatema ganda.
"Hayo hayatahitaji huduma za bandari."
Akanitakia usiku mwema, kwa adabu kabisa.

Mia tatu ishirini na nane.
Kikokotoo kimenipa jibu kabla sijaamua kuuliza.
Nikaweka kidole juu ya alama ya kuzidisha,
mara idadi ya viti ndani ya kila gari,
nikakiondoa.
Fomu haina kisanduku cha viti.

Nje, chini ya taa za winchi,
meli ya ngano inamalizia kujaa. Vumbi lake
limefunika magari ya wafanyakazi, na mtu ameandika kwa kidole
kwenye kioo cha mojawapo: *nioshe*.
Nimeliangalia neno hilo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kisha nikarudi kwenye jedwali.
Upande wa kwenda nimeuacha kama ulivyo,
bila Nicanor. Wakienda, jeshi lina wahesabu wake.
Upande wa kurudi nimemwandika,
zamu nzima, mchana na usiku, Pasaka ikiwemo,
na kwenye safu ya maelezo, mahali pa kueleza sababu,
nimeandika: *kuhesabu kwa mkono.*

Bani nne zimerudi.
Cernat ataziona asubuhi, ataniita,
na majirani wa kusini labda watatushinda kwa hizo hizo nne.
Nimebandika muhuri. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi,
ikabidi niupulizie pumzi.