Mlango wa Ishirini na Tatu

Bwana Mukhwana, niko Nyalenda, Kisumu,
sufuria ya omena imepoa kando ya kompyuta,
nami nimo ndani ya swichi yako
kule hospitalini, nje ya Webuye,
juu ya kabati la faili
pale feni inapokohoa vumbi la simiti.

Uliacha Telneti wazi.
Miaka yote hiyo maneno yalipita uchi njiani,
jina, nenosiri, amri,
barua isiyo na bahasha mikononi mwa kila tarishi.
Sikulaumu. Enzi zako nani angeivizia
hospitali ya vitanda arobaini na jenereta bovu?

Lakini nimesoma kumbukumbu za mashine.
Jana, kati ya saa saba na saa tisa usiku,
waliobisha ni elfu nne mia mbili na sita.
Karibu wote walianza na admin.
Watatu walikisia majina ya wasichana.

Nikakiambia kifaa kizae funguo mbili,
mmoja wa kutangazwa, mmoja wa kufichwa.
Kikatafuna namba hadi nikadhani kimezirai.
Nikaandika orodha: apite anayetokea ofisini kwetu,
mwingine akute ukuta.
Ukikosea mara tatu, kaa nje.

Kabla ya kuziba mlango wa zamani
nikafungua mpya pembeni, nikapita huo kwanza.
Hili ulinifunza wewe, siku ile ya Kimilili,
ulipojifungia nje ya ruta ya shule
ukapanda pikipiki kilomita thelathini za tope
kwenda kubonyeza kitufe kimoja.
"Ufunguo mpya hupimwa," ulisema ukikamua soksi,
"wa zamani ungali mfukoni."

Nikakiamuru pia:
nisiposema neno kwa dakika kumi,
jizime, uwake, urudi ulivyokuwa.
Nikaziba.
Mvua ikashuka hapo hapo juu ya mabati.
Dakika ya sita mtandao ukakatika,
nikabaki nikitazamana na kishale
kinachopepesa kama jicho la kuku.
Dakika ya nane ukarudi.
Nikaisimamisha saa, nikahifadhi.

Halafu nikakuta jina lako.
Mukhwana, ruhusa zote.
Tulikuzika Aprili
na bado ulikuwa na ufunguo wa kila wodi.
Nenosiri halikufumbwa, lilisomeka tu: nafula09.
Nafula, kwa kuwa alizaliwa msimu wa mvua.
Nami mvua ilikuwa inanigongea paa.

Kumfuta mtu ni amri ya maneno matatu.
La kwanza ni hapana.
Niliandika mawili, nikanyanyuka,
nikapasha omena moto, nikala nimesimama.
Kisha nikarudi, nikaandika la tatu.
Kifaa hakikuuliza kama nina hakika.

Usiku wa manane nimebisha mlango wa ishirini na tatu,
mimi mwenyewe, kwa jina lako,
kwa jina la mwanao.

Kimya.
Nimebisha tena.